Udongo Tifutifu

Injini nilikwisha kuizima. Hilo nalisema mapema
maana ofisini wataniuliza nilikuwa mwendo gani.
Hapakuwa na mwendo. Ilikuwa imesimama
pembeni mwa shamba la Eliseba Mahenge, juu ya Tandala,
asubuhi ya Juni, ukungu wa kukamua kama nguo,
na mimi nafungua kamba ya gunia la kulia.

Kilo ishirini na tano za mbegu ya viazi zikashuka.
Kilo ishirini na tano zikabaki kushoto.
Hesabu ya darasa la pili. Sikuifanya.

Ilianza taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani:
kichwa kikainama, kikashtuka, kikainama tena,
stendi ikazama bila kelele,
na pikipiki ya Halmashauri, nyekundu, yenye namba ya serikali,
ikalala.
Nililidaka gunia. Usiniulize kwa nini gunia.

Puu. Kisha kioo. Kisha ule mlio mdogo
wa petroli ikidondokea majani.

Wazee watatu walikuwa ng'ambo ya njia na ulanzi wao.
Kwanza wakatafuta pa kuweka vikombe, kila kimoja pake,
pagumu, palipo sawa,
ndipo wakaja.
"Pole, bibi shamba. Umeumia?"
"Mimi mzima."
"Basi kaumia yeye," akasema mzee Tweve, akaushika usukani
kama anayemwinua ng'ombe aliyeteleza mtoni.

Sasa sikia aibu yangu ilipo.
Mwezi uliopita, papo hapo, mbele ya wanakikundi thelathini na mmoja,
niliuchota udongo huu nikauminya kiganjani,
nikasema: mnaona? Tifutifu. Hivi ndivyo nataka.
Limeni hadi mguu uzame.

Wamelima.
Eliseba hakucheka. Alichuchumaa penye tundu la stendi,
akatia kidole, akapima,
"Panatosha kiazi," akasema,
na kweli akatumbukiza kimoja, akafukia.

Hasara ni hii: kioo cha kushoto kimepasuka katikati;
indiketa inaning'inia kwa waya wake;
mkono wa klachi umekatika ncha;
na tangi limechubuka, urefu wa kidole changu cha shahada.

Aidani, kitindamimba wa Eliseba, si fundi.
Ana bisibisi moja na subira.
Akachonga kibanzi cha mwanzi, mwanzi uleule wa ulanzi,
akaufunga mkono wa klachi kama mfupa,
akazungusha mpira wa tyubu, akauvuta kwa meno hadi ukalia.
Indiketa akaibana kwa waya wa banda la kuku.
Dada yake akaleta rangi ya kucha. Nyekundu,
lakini nyekundu ya harusi, siyo ya serikali.
Akapaka mara mbili, akipuliza, ulimi nje.
Pesa wakakataa. Nikawaachia chumvi niliyomnunulia mama yangu.

Fomu ya uharibifu ina mistari minne.
*Chanzo cha ajali.*
Nimeandika udongo, nikafuta.
Nimeandika mteremko; hapakuwa na mteremko, nikafuta.
Nimeandika mzigo, nikaukumbuka mzigo nilioukumbatia kama mtoto
huku mali ya umma ikienda chini.
Karatasi imeota manyoya kwa kufutwafutwa
na bado iko kwenye droo.

Siku ile nilipokuwa natoka, Eliseba alikata kisigino
cha kandambili iliyokufa, akatoboa, akapitisha uzi wa katani.
"Mvalishe kabla hujamsimamisha."
Basi hata ofisini, kwenye sakafu ya saruji,
nainama, namvalisha. Mtunza stoo ananitazama
jinsi watu wanavyowatazama wanaoongea peke yao.

Kioo sijabadilisha. Nikishuka kutoka Tandala
barabara ninayoiacha inakuwa mbili,
moja juu kidogo ya nyingine,
na zote zina vumbi langu.